Kabla ya kuhamia ghorofani, hesabuni na ngazi

SAA kumi na nusu alfajiri mama anamwinua mtoto wa darasa la pili, anamvisha sare akiwa bado amefumba macho, kisha anamshika mkono kuelekea kituoni. Dada yake wa darasa la sita anafuata nyuma akimulika njia kwa tochi ya simu. Wanaishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, katika nyumba iliyojengwa kidogo kidogo kwa miaka sita, wakahamia ikiwa na milango miwili tu. Shule ipo Kinondoni, jirani na chumba ambacho mama anashonea nguo. Baba anafanya kazi Posta. Nyumbani anabaki bibi, mama mzazi wa baba, na kuku wake tisa.

Jioni moja baba alirudi na karatasi yenye picha za rangi. Ilikuwa ya jengo jipya la ghorofa katikati ya jiji: fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, inayouzwa kwa mkopo wa nyumba. Tayari alikuwa na mtu anayeitaka nyumba ya Chanika.

"Mama watoto, tuuze hapa tusogee mjini," alisema.

Mama alisubiri bibi alale ndipo akajibu. "Hapa tuna kiwanja, baba watoto. Kule tutakuwa na nini? Hewa?"

Mazungumzo ya aina hiyo yapo katika familia nyingi za mjini sasa. Majengo ya fleti yanazidi kuota Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza, na vijana waliokulia nyumba za uani wanajikuta wazazi wanaotakiwa kuchagua kati ya boma la mbali na vyumba viwili vya karibu. Hakuna jibu moja kwa wote. Yapo mambo ambayo familia ikiyapima vizuri, itajua kama maisha ya ghorofani yanaifaa au la.

Anza na hesabu ya saa

Watu wengi huanza na bei. Mama huyu alianza na saa. Kutoka Chanika hadi shuleni watoto hutumia saa mbili asubuhi na saa mbili jioni. Hizo ni saa nne kwa siku, sawa na saa 20 kwa wiki ya shule. Wakiishi Kinondoni watatembea dakika kumi kwenda na kumi kurudi, yaani saa moja na dakika 40 kwa wiki. Mtoto wa darasa la pili angerudishiwa saa 18 na dakika 20 kila wiki za kulala, kula mezani na kucheza.

Kwa mtoto mdogo, saa hizo si kitu cha kupuuza. Anayeamshwa saa kumi na nusu na kulala saa tatu na nusu usiku anapata saa saba za usingizi, wakati wataalamu wa afya hushauri mtoto wa shule ya msingi apate kati ya tisa na 12. Mwalimu ndiye wa kwanza kuona tofauti, maana mtoto huyo husinzia kipindi cha kwanza na kuamka wakati wa uji.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina upande wa pili. Familia ambayo wazazi wanafanya kazi karibu na nyumbani na watoto wanasoma shule ya mtaani haitaokoa saa yoyote kwa kuhamia ghorofani. Hao wakihama, watakuwa wamenunua sifa tu.

Daftari la fedha

Mama alichukua daftari lake la vipimo vya nguo akafungua ukurasa mpya. Hakuandika bei ya kununua. Aliandika bei ya kupanga, kwa sababu alitaka kujua maisha ya mwezi yatakuwaje kabla ya kufikiria deni la miaka mingi.

Fleti ya kupanga waliyoiulizia Kinondoni ilikuwa shilingi 450,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi sita mbele, yaani 2,700,000 taslimu. Juu yake kulikuwa na ada ya huduma ya 60,000 kwa mwezi, kwa ajili ya mlinzi, usafi wa ngazi, taa za nje, pampu ya maji na kuzoa taka. Ada hiyo ndiyo huwashtua wengi. Aliyezoea nyumba ya chini hufagia uwanja wake mwenyewe. Ghorofani kila ufagio una bei, na asiyelipa huonekana, kwa sababu jina lake hubandikwa ubaoni pale chini.

Upande wa Chanika, nauli ya watu wanne ilikuwa 7,600 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 167,200. Vyakula vya kununua njiani kwa sababu ya kuchelewa kurudi vilifika 66,000. Jumla ni 233,200 zinazoondoka kila mwezi bila kuonekana. Wakihamia Kinondoni, nauli ingebaki ya baba peke yake, 26,400. Na nyumba ya Chanika ikipangishwa kwa 120,000, pengo lote lingekuwa shilingi 183,200 kwa mwezi.

Fedha hiyo si ndogo kwa fundi nguo na mtumishi wa ofisi. Lakini kwa mara ya kwanza walijua wanabishania kiasi gani. Kabla ya hapo baba alikuwa akisema "tutaokoa sana" na mama akisema "tutafilisika," na wote wawili walikuwa wakikisia.

Gharama nyingine haziingii daftarini mpaka zitokee. Majengo mengi hayaruhusu jiko la mkaa, kwa hiyo maharage na makande yataiva kwa gesi, na mtungi utaisha mapema. Umeme wa ndani kila mtu hununua LUKU yake, lakini maji mara nyingi husomwa kwa mita moja ya jengo zima na kugawanywa. Familia ya watu watano inaweza kulipa sawa na kijana anayeishi peke yake, au kijana huyo akalalamika mpaka mgawanyo ubadilishwe. Ni vizuri kuuliza mapema mgawanyo unafanywaje.

Hewa ina hati?

Swali la mama lilikuwa na maana. Mtu akinunua fleti ghorofa ya tatu, anamiliki nini?

Kwa Tanzania Bara jibu lipo katika sheria ya umiliki wa sehemu za majengo iliyopitishwa na Bunge mwaka 2008. Kabla ya hapo hati ilifuata kiwanja, na ilikuwa vigumu watu kumi kuwa na hati kumi katika jengo moja. Sheria hiyo inaruhusu kila mwenye fleti apate hati ya sehemu yake. Vitu vya pamoja, kama ardhi iliyobeba jengo, paa, ngazi, lifti na maegesho, ni mali ya wenye sehemu wote, kila mmoja kwa kiwango chake, na wote huunda chama cha kuliendesha jengo. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2010. Kenya ilipitisha sheria mpya ya aina hiyo mwaka 2020 kuchukua nafasi ya ile ya 1987.

Kwa hiyo mama hakununuliwa hewa. Lakini kilichoandikwa kwenye sheria si lazima kiwe tayari kwenye kila jengo. Mnunuzi aulize kwa maneno ya wazi: hati za sehemu zimeshatoka, au kuna hati moja tu ya kiwanja kwa jina la mjenzi? Kama ni hati moja, je, imewekwa rehani benki? Majibu hayo hayatafutwi kwa dalali. Hutafutwa ofisi ya ardhi, kwa kupekua kumbukumbu za hati husika, na ni vyema mwanasheria wa familia, si wa muuzaji, akasoma mkataba.

Kuna na suala la miaka. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuikalia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Fleti iliyo juu ya hati iliyobakiza miaka michache si sawa na fleti iliyo juu ya hati mpya, hata kama rangi na vigae vinafanana.

Kwa wanandoa lipo jambo jingine. Nyumba ya familia haiwekwi rehani na mmoja kwa siri. Sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenzi. Mama huyu alijua hivyo, na ndiyo sababu hakupaza sauti usiku ule. Alisema tu kwamba hatatia saini karatasi asiyoielewa. Baba hakufurahi, lakini ndiye alikwenda ofisi ya ardhi wiki iliyofuata, akagundua kwamba jengo lile la kwenye picha bado lilikuwa na hati moja ya kiwanja.

Bibi na ngazi 54

Kabla ya kuamua lolote, familia iliomba kulala Ijumaa hadi Jumapili kwa shemeji yao anayeishi fleti Upanga, ghorofa ya tatu. Hilo ni jaribio bora kuliko kutazama jengo Jumamosi mchana ukiwa na dalali. Siku mbili zinatosha kujua maji yanatoka saa ngapi, sauti ya runinga ya jirani inafika wapi, na lifti ikikosa umeme nani anawasha jenereta.

Jengo la shemeji halikuwa na lifti. Mjukuu mkubwa alihesabu ngazi 54. Bibi, ambaye magoti yanamsumbua tangu mwaka juzi, alipumzika kila kituo. Alipofika juu alikaa kimya muda mrefu, akanywa maji, kisha akamwambia baba: "Mwanangu, nikipanda huku kuishi, sitashuka tena mpaka mnishushe."

Baba hakujibu. Katika karatasi ile yenye picha za rangi hapakuwa na bibi. Alikuwepo baba, mama, watoto wawili na gari ambalo hawana.

Familia nyingi za Kiafrika hazina watu wanne. Zina bibi, binamu anayesoma chuo, dada wa kazi, mgonjwa aliyekuja kutibiwa Muhimbili na kukaa miezi mitatu. Fleti ya vyumba viwili huhesabu watu kwa namna nyingine. Anayetaka kuhamia ghorofani aandike majina ya wote waliolala kwake mwaka uliopita, aone watalala wapi. Na kama nyumbani kuna mzee, mama mjamzito au mtoto mwenye ulemavu, ngazi ziwe swali la kwanza. Lifti nayo isichukuliwe kuwa jibu. Huharibika, na matengenezo yake hutegemea kama majirani wamelipa ada.

Watoto, kinu na msiba

Kuishi ghorofani si jambo geni kwa Waswahili. Majumba marefu ya Michenzani, Zanzibar, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa mipango iliyosaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yamelea vizazi kadhaa. Dar es Salaam, familia 644 za Magomeni Kota zilizokuwa zikiishi nyumba za chini zilifunguliwa rasmi fleti zao mpya Machi 2022. Watu huzoea. Lakini kuzoea kuna masharti.

La kwanza ni sauti. Sakafu ya mmoja ni dari ya mwingine. Kinu cha kutwangia karanga saa moja asubuhi, mtoto anayeruka kutoka kochi hadi kochi, kiti kinachoburutwa usiku, vyote humfikia jirani wa chini kama vile vipo chumbani kwake. Mkeka mzito, mipira midogo chini ya miguu ya viti, na kutwanga mchana huokoa ujirani.

La pili ni vibaraza na madirisha. Mtoto wa miaka miwili hadi sita hupanda kila kinachopandika. Mzazi akague kama nguzo za kizuizi zimesimama wima na kama nafasi kati yake haipitishi kichwa cha mtoto. Kizuizi chenye vyuma vya kulala ni ngazi kwa mtoto. Ndoo, stuli na mashine ya kufulia visiwekwe kibarazani wala chini ya dirisha. Hilo halisubiri wiki ya pili baada ya kuhama. Hufanywa kabla kitanda hakijaingia.

La tatu ni mahali pa kuchezea. Majengo mengi yamegeuza uwanja wote kuwa maegesho. Mtoto aliyezoea kuvua viatu na kukimbia Chanika ataambiwa asipige mpira karibu na magari. Kama hakuna uwanja wa wazi mtaani wala shule inayofungua uwanja wake jioni, wazazi wajue kwamba simu na runinga ndizo zitakazokuwa uwanja.

La nne ni shughuli. Nyumba ya chini hupokea msiba, maulidi na kumcheza mwali kwa kutandika turubai. Ghorofani hakuna mahali pa kutandika. Je, utawala wa jengo unaruhusu watu 100 kukaa maegeshoni siku tatu? Familia nyingi hujiuliza swali hilo siku ambayo jibu lake tayari linauma. Liulizwe siku ya kusaini mkataba.

Jengo lenyewe

Asubuhi ya Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Tukio hilo liliwakumbusha wakazi wa mjini kwamba rangi nzuri haisemi chochote kuhusu nguzo. Mzazi si mhandisi, lakini anaweza kufanya mambo machache. Kwa jengo linaloendelea kujengwa, asome kibao cha mradi: mkandarasi, mhandisi na msanifu wameandikwa? Mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi? Kwa jengo la zamani, atazame nyufa pana zinazopita kwenye nguzo, vyuma vilivyochungulia, unyevu kwenye kuta za chini, na kama kuna mtu aliyevunja ukuta au kuongeza ghorofa juu bila maelezo. Aulize njia ya kutokea moto ukizuka. Kisha aende kuitazama, kwa maana njia hiyo mara nyingi huwa imejaa matangi mabovu na baiskeli.

Chini ya jengo, afungue macho kwenye chemba za maji taka. Jengo la familia 20 lenye shimo la familia tano litanuka kila masika. Aulize linanyonywa mara ngapi kwa mwaka na nani hulipa.

Na kwa anayenunua jengo ambalo bado ni mchoro, tahadhari iwe kubwa zaidi. Malipo yafuate hatua za ujenzi zinazoonekana kwa macho, tarehe ya kukabidhi iandikwe, na pia mkataba useme itakuwaje ikipita.

Maswali matano ya mezani

Familia ikikaa chini kuamua, maswali haya yanatosha kwa jioni moja. Nani ataokoa saa ngapi? Pengo la fedha kwa mwezi ni kiasi gani, na litazibwa na nini? Nani katika nyumba yetu hawezi ngazi? Tunaweza kuishi kwa kanuni zilizotungwa na majirani, kuanzia sauti hadi taka? Na tukishindwa, tutarudi wapi?

Swali la mwisho ndilo lililowaamulia wazazi wa Chanika. Waliona kwamba wakiuza, hakuna kurudi. Hawakuuza. Nyumba waliipangisha kwa mwalimu wa shule ya jirani kwa ile 120,000. Kodi ya miezi sita ilitoka kwenye mchezo wa kina mama, zamu ya mama ikiwa imefika, na sehemu iliyobaki baba aliomba mkopo mdogo kazini. Ile fleti ya picha za rangi waliiacha. Walipanga fleti ya chini kabisa katika jengo la zamani Kinondoni, kwa mwaka mmoja wa majaribio. Kuku wa bibi walibaki kwa mwalimu, kwa makubaliano kwamba mayai ya Jumamosi ni yake.

Haijawa peponi. Chemba imefurika mara moja. Mtoto mdogo amekatazwa mpira na mlinzi, akalia siku nzima. Pampu hunguruma ukutani karibu na kitanda cha bibi. Pengo la 183,200 linauma kila mwisho wa mwezi, na mama ameongeza kazi ya kushona sare ili kuliziba.

Lakini bibi huvuta kiti chake mlangoni kila asubuhi, na watoto wa jengo zima humwamkia wakipita. Mwezi wa pili tayari alikuwa anajua nani anaumwa ghorofa ya nne na nani hajalipa ada. Siku ya Jumatano moja mama alirudi saa kumi jioni akamkuta mwanawe wa darasa la pili ameketi sakafuni karibu na bibi, amemaliza hesabu za nyumbani, na jua bado lipo.

Mwaka ukiisha watakaa tena na daftari. Baba bado anaitamani fleti yake mwenyewe, na mama bado ana ufunguo wa Chanika.